Alifundishwa na Jamaa, Aache Peke Yake?

Katika matanga ya jirani yetu mmoja hapa Mombasa, aliyefishwa na ini lililokwisha kuharibiwa na pombe, alisimama mzee mmoja mwenye kilemba cheupe na sauti ya kupendeza, akatunasihi kwa muda uliozidi subira ya wafiwa, kwamba ulevi hauna dawa ila azma, kwamba mwanamume wa kweli hukata shauri usiku akaamka ameacha, na kwamba hao waendao kuketi duara jioni na kusimuliana ulevi wao wanaianika aibu ambayo Mwenyezi Mungu ameisitiri. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikanyamaza, kwa kuwa matangani si mahali pa kubishana. Gazetini ndipo mahali pake.

Nauliza: marehemu alifundishwa na nani kunywa? Alijifungia chumbani na chupa, akadurusu peke yake hata akahitimu? Hasha! Alichukuliwa na sahibu zake, wakamnunulia ya kwanza, wakamcheka alipokunja uso na kumsifu alipomaliza. Akanywa mangweni kwa jamaa, akanywa ngomani kwa jamaa, akanywa siku ya mshahara kwa jamaa, na hata alipofiwa hawakukosekana jamaa wa kumliwaza kwa glasi. Njia nzima ya kwenda aliandamana na kaumu ya watu. Ya kurudi ndiyo aambiwe aishike peke yake, tena usiku, tena kwa siri!

Ama hiyo aibu iliyositiriwa, sijui ni ipi. Mtu aliyerejeshwa kwao kwa mkokoteni mchana kweupe, watoto wa chuoni wakimfuata kwa vigelegele, ana siri gani iliyosalia ya kufichuliwa mbele ya watu wanane juu ya viti vya plastiki? Kuna na wengine, wenye hekima zaidi, wasemao kwamba huko watu huenda kunywa chai tu. Naam, huenda kunywa chai. Lau marehemu angalikunywa chai hiyo kwa miaka kumi, leo tusingalikula wali wake.

Nilimsindikiza mpwa wangu kwenye kikao chake cha kwanza, nami niliruhusiwa kuingia kwa kuwa kilikuwa cha wazi. Vipo vingine ambavyo haingii ila mwenye tatizo mwenyewe. Kukipata kulikuwa kazi. Baa katika mji huu zina mabango yenye taa yanayoonekana toka ng'ambo ya pili ya barabara, ilhali kikao kilikuwa nyuma ya kanisa, hakina hata karatasi mlangoni, na bawabu akatupeleka kwa wanakwaya. “Mjomba, twende zetu, leo hawapo,” akanena kijana, na furaha aliyokuwa nayo kwa kutowakuta haikufichika. Nikamshika mkono.

Hatukuulizwa ukoo, wala dini, wala ada; sharti la kuingia ni moja tu, kutaka kuacha. Mwanamke mmoja aliyejitanda leso alimtazama kijana mikono, kisha, bila ya kusema neno, akammiminia chai nusu kikombe, isije ikamwagika kwa kule kutetemeka. Katika nasaha zote tulizompa nyumbani kwa miaka, hakuna hata mmoja wetu aliyepata kufikiri jambo hilo.

Wala vikao hivi si uzushi wa jana. Mwezi wa Mei 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi kadhaa, alijikuta hotelini, shughuli zake zimeharibika, na baa i karibu. Naye, badala ya kupigana mieleka na nafsi yake, akaenda kwenye simu kutafuta mlevi mwenziwe wa kuzungumza naye. Akampata Dakta Robert Smith, mpasuaji, aliyekusudia kumpa robo saa tu, wakakaa masaa. Smith alianguka tena mara moja, na husimuliwa kwamba kinywaji chake cha mwisho, tarehe 10 Juni, kilikuwa bia aliyopewa na Wilson mwenyewe ili mikono itulie asubuhi ya kupasua mgonjwa. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous. Tabibu mzima, mwenye ilimu ya maini na mishipa, azma yake haikumfaa mpaka alipopata mwenzi. Sisi twataka kijana wa bandarini aweze kwa hotuba ya matangani!

Tena hotuba ile ni ya hatari. Aliyezoea kunywa sana kila siku, akikata ghafla bila ya daktari, aweza kushikwa na kifafa na kuweweseka hata akafa. Vikao navyo vimepimwa: mwaka 2020 wataalamu walikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, wakaona kwamba njia hii ya vikao, katika kumfanya mtu aache kabisa, haishindwi na matibabu mengine yaliyozoeleka, na aghalabu huyapita. Lakini kwetu ulevi hujadiliwa katika warsha za hotelini, kwa posho, na warsha ikiisha wajumbe huonekana kaunta.

Chumba cha jumuiya ya mtaa wetu hufungwa kila siku baada ya magharibi, na viti vimo. Naomba ufunguo wake kila Jumanne, pamoja na ruhusa ya kutundika kibao nje, kwa herufi kubwa, upande wa barabarani.