Paulo Alikuwa Mpangaji: Je, Nyumba na Gari Bado ni Muhimu?



Alhamisi iliyopita, baada ya ibada ya katikati ya wiki, watu wawili walinijia mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ni kijana wetu wa kikundi cha sifa. Akaniuliza, "Pasta, kwani ni lazima mtu ajenge na anunue gari? Nikihitaji gari naitisha kwa simu, linafika dakika tano. Nyumba nikiichoka nahama. Kwa nini nijifunge na deni la miaka mingi?"

Nyuma yake alikuwa amesimama mama mmoja. Yeye akasema, "Mtumishi, niombee. Kijana wangu ana miaka 38, anafanya kazi hapa Nairobi, lakini hajaweka hata nguzo moja kule nyumbani. Watu wananicheka. Bwana aniondolee hii aibu."

Mama niliomba naye. Kijana nilimwambia nitamjibu hapa ili wengine pia wasome. Lakini nilipokuwa naelekea nyumbani usiku ule, niliona kwamba kabla sijamjibu yeyote kuna jambo ninapaswa kulikiri, kwa sababu hii aibu ya yule mama, sisi wahubiri tumechangia kuileta.

Wengi wenu mnajua mimi ni mpangaji. Tangu mimi na mama mchungaji tuoane tumelipa kodi ya nyumba miaka 19. Lisilojulikana na wengi ni habari ya gari langu la kwanza.

Mwaka 2016 mzee mmoja wa kanisa aliniita pembeni akaniambia kwa upole, "Pasta, si vizuri watu wakuone ukishuka kwa matatu na Biblia mkononi. Wageni watasema Mungu wetu ni maskini." Maneno hayo yaliniingia. Nilienda kwa sacco nikachukua mkopo wa shilingi 600,000 wa miaka minne. Kila mwezi nililipa 15,800, na hapo sijataja mafuta, bima na fundi. Wadhamini wangu watatu walikuwa washirika wa kanisa hili. Jumapili ya kwanza niliegesha lile gari mbele ya mlango wa kanisa, watu wakapiga vigelegele, nami nikahubiri juu ya kupokea funguo. Niliwaambia wanyooshe mikono, wapokee funguo za magari na funguo za nyumba. Walinyoosha.

Mwaka 2018 mambo yakawa magumu. Sadaka zilipungua, mtoto wetu akalazwa, na nikashindwa kulipa miezi mitatu. Sacco ilifanya kile ambacho sacco hufanya, ikakata akiba za wadhamini. Mmoja wao alikuwa mama anayeuza nguo za mitumba. Fungu lake lilikuwa shilingi 15,800, pesa alizokuwa ameweka ili binti yake aingie kidato cha kwanza. Hakunilalamikia. Hakumwambia mtu. Aliacha tu kuja kanisani.

Nilidhani amerudi nyuma kiroho. Nilipomtembelea na kusikia ukweli, nilikosa pa kuweka uso. Gari nililonunua ili watu wasimwone Mungu wetu kuwa maskini lilikuwa limekula karo ya mtoto wa mjane. Na siku nyingi lilikuwa limesimama tu nje ya nyumba ya kupanga, kwa sababu sikuwa na pesa ya mafuta.

Mwaka 2019 niliuza lile gari, nikamaliza deni, nikamrudishia mama pesa zake na kumwomba msamaha. Alinisamehe, na leo yuko nasi. Ameniruhusu nisimulie habari hii bila kutaja jina lake.

Sasa tuje kwa swali.

Fungua Matendo ya Mitume 28, mstari wa 30. Utamkuta Mtume Paulo kule Roma. Alikuwa amefungua makanisa kutoka Asia Ndogo hadi Ugiriki na kuandika nyaraka tunazozisoma mpaka leo. Lakini kwa miaka miwili aliishi katika nyumba ya kupanga, na humo alikuwa akiwakaribisha wote waliomjia. Ndugu mpangaji, ukisikia mtu anasema kupanga ni dalili ya laana, mwambie akamuulize Paulo.

Lakini tusikimbilie upande mmoja. Fungua pia Yeremia 29. Watu wa Mungu wako uhamishoni Babeli, katika nchi isiyo yao, na Mungu anawaagiza wajenge nyumba, wakae ndani yake, wapande bustani na wale matunda yake. Halafu sura ya 32, Yeremia mwenyewe ananunua shamba kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha wakati jeshi la Babeli limeuzunguka mji. Anaandika hati, anaitia muhuri, anaweka mashahidi, na hati zinatiwa katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Mungu ambaye hajali mali asingehangaika na hati miliki.

Naye baba yetu Ibrahimu aliishi katika hema karibu maisha yake yote katika nchi aliyoahidiwa. Ardhi aliyoinunua ilikuwa ya kumzika mkewe Sara, shamba na pango la Makpela, kwa shekeli 400 za fedha (Mwanzo 23). Aliambiwa achukue bure, akakataa, akapima fedha mbele ya watu langoni.

Kwa hivyo ndani ya Biblia kuna mpangaji, kuna mwenye shamba na kuna mkaa hema, na wote watatu ni watumishi wa Mungu. Nyumba na gari haviwezi kuwa kipimo cha imani ya mtu.

Ndiyo jibu langu kwako mama. Kijana wako si aibu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba katika miji ya Kenya, karibu familia nne kati ya tano huishi katika nyumba za kupanga. Kama hiyo ni laana, basi miji yetu yote imelaaniwa. Usimuulize amejenga lini. Muulize kwanza analala vipi, anakula nini, na ana deni gani ambalo hajakuambia.

Nasema hivi kwa sababu ya mazishi niliyohudhuria kule Magharibi miaka michache iliyopita. Mnajua kwetu mwanamume mzima akifa hajajenga nyumbani, ukoo hufadhaika. Yule ndugu alikuwa hajajenga. Siku tatu kabla ya mwili kutoka mochari, watu walichanga, wakanunua mabati na mbao, na nyumba ikasimama haraka haraka ili jeneza lipate mahali pa kulala usiku mmoja. Jamaa hawa hawa walikuwa wamemkatalia mkopo wa matibabu. Na baada ya mazishi niliuliza juu ya mjane: atakaa kwa shamba la nani? Jina lake liko kwa hati gani? Hakuna aliyekuwa na jibu. Wote walikuwa wameshughulika na nyumba ya maiti, wakasahau makao ya aliye hai.

Na wewe kijana wangu wa kikundi cha sifa, usishangilie bado. Una haki kuhusu gari. Gari ni chombo cha kazi. Likifanya kazi, linunue. Lisipofanya kazi, linakula tu, na thamani yake inashuka kila mwaka. Sisi leo tuna gari kuukuu tulilolinunua mwaka 2022 kwa pesa taslimu, bila mkopo, kwa sababu mama mchungaji husambaza chapati na mandazi kwa shule tatu kabla ya saa moja asubuhi. Lile gari linajilipia mafuta. Kama huna kazi ya kulipa gari, itisha lako kwa simu, panda matatu, na usione haya.

Lakini nyumba ni habari nyingine. Nakuuliza kama baba: utakapokuwa na miaka 70, mshahara umekoma, mwenye nyumba atakoma kuja tarehe tano? Kodi haistaafu. Wanaosema kupanga ni akili wanasema kweli kwa sharti moja, kwamba zile pesa ambazo hukujenga nazo umeziweka mahali zinapokua. Nionyeshe hizo pesa ziko wapi. Kama ulipanga, na tofauti ikaenda kwa viatu, simu mpya na nyama choma ya kila Jumamosi, basi hukuchagua kupanga. Umeahirisha tu swali, na litakurudia wakati huna nguvu ya kulijibu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Makao bado ni muhimu, na yatakuwa muhimu mpaka Yesu arudi. Mzee anahitaji mahali ambapo hakuna wa kumfukuza. Mjane anahitaji mlango ambao shemeji hawezi kuufunga. Lakini makao hayajengwi kwa sababu ya macho ya watu, na hayajengwi kwa jasho la mdhamini.

Ukitaka kununua au kujenga, jiulize haya manne:

1. Nanunua kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili ya jirani, mkwe au washirika wenzako, acha. Hawatakusaidia kulipa.

2. Nikikosa mapato miezi mitatu, nani atalipa? Bwana Yesu mwenyewe alifundisha habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14). Kuhesabu si kukosa imani. Na kama hesabu yako inategemea akiba ya mama mboga aliyekudhamini, hiyo hesabu haijakamilika.

3. Je, nimehakikisha? Oktoba 2023 tuliona kule Mavoko, Kaunti ya Machakos, familia zikilia mbele ya nyumba zilizobomolewa, kwenye ardhi ambayo mahakama iliamua ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Wengi walikuwa wamenunua ploti kwa pesa halali na kujenga kwa miaka. Mnamo 2011 tuliona machozi kama hayo Syokimau. Usinunue shamba kwa sababu anayeuza ameokoka. Nenda ofisi ya ardhi uhakikishe limeandikwa jina la nani. Tafuta wakili na mpimaji. Ongea na majirani wa pale. Kama Yeremia aliyekuwa nabii aliandika hati na kuweka mashahidi, wewe ni nani ununue kwa neno la mdomo?

4. Jina la nani liko kwa hati? Ndugu zangu wanaume, hapa nitawaudhi. Andika jina la mke wako pamoja na lako. Usimwachie familia yako kesi.

Na sasa niseme na wahubiri wenzangu, nikianza na mimi. Yakobo sura ya pili anatukemea kwa kumpa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumsimamisha maskini. Sisi tunafanya hivyo kuanzia getini, ambapo anayekuja na gari kubwa anapigiwa saluti na kusindikizwa hadi safu ya mbele. Katika kanisa letu hilo limekoma. Kuanzia mwezi ujao pia sitatabiria mtu funguo kutoka mimbarini. Tutakuwa na darasa la madeni na bajeti kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, na mwanasheria mshirika wetu atakuja kutufundisha habari za hati. Mtu akitoa ushuhuda wa kumaliza deni, tutapiga vigelegele kama tunavyompigia aliyenunua gari.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Ushirika wetu wa nyumbani wenye watu wengi hukutana Kayole, katika chumba kimoja cha kupanga cha dada mmoja. Wiki jana walikuwa 11. Wawili waliketi kwenye kitanda, wengine kwenye mikebe iliyopinduliwa na jerikani. Kijana aliyekuwa anafikiria kujitoa uhai aliombewa humo, akala humo, na dada huyo akampeleka kwa mshauri siku iliyofuata. Kile chumba kina mwenye nyumba anayedai kodi kila tarehe tano. Lakini Mungu amekitumia kama alivyoitumia ile nyumba ya kupanga ya Paulo.

Mimi na mama mchungaji tuna kiploti cha hamsini kwa mia ambacho tumemaliza kulipa mwaka jana. Hati ina majina mawili. Tumeweka msingi wa vyumba viwili, na tutapandisha ukuta pesa zikipatikana. Mkipita mkaona nyasi zimemea kwenye msingi, msituonee huruma. Hakuna mtu anayelala njaa kwa sababu yake.

Tuombe. Baba, msaidie asiye na makao apate mahali pa kudumu. Mwenye deni la sifa umpe ujasiri wa kuuza alichonunua. Utulinde na matapeli wa ardhi. Wajane uwape haki yao. Na nyumba tunazoishi leo, ziwe zetu au za kupanga, zifungue milango kwa wanaokutafuta. Katika jina la Yesu, amina.

Kama una mdhamini ambaye pesa zake zilikatwa kwa ajili yako, usiandike amina hapa chini kabla hujampigia simu.

Mbarikiwe. Tuonane Jumapili, hata ukija kwa miguu.