Ushindi Nao Uulizwe



Tarehe 19 Novemba 2024 Taifa Stars iliifunga Guinea 1–0 mjini Dar es Salaam, bao la Simon Msuva, tukapata nafasi ya fainali za Afrika. Hapa chini ya Mlima Meru bweni zima liliimba, nami sauti ilinikauka. Lakini niliposema ya kuwa bao moja nyumbani ni haba, niliitwa msaliti. Asubuhi rafiki yangu akaninyima sukari ya uji.

Wenzangu, katika fainali za 1980, 2019 na 2023 hatukushinda mchezo hata mmoja. Tukifungwa, sote ni makocha. Mbona tukishinda, kuuliza ni kosa? Rafiki yangu anijibu: la pili lilikosekana kwa nini? Sukari baadaye.