Nusu Saa ya Kucheza Msibani

Kwa mwaka mzima nililipa pesa Dar es Salaam ili nifundishwe kupumua. Kila Jumamosi asubuhi nilibeba mkeka wangu, nikavua viatu mlangoni, nikajipanga na wenzangu kumi na wawili, wengi wao watu wa ofisini kama mimi. Mwalimu alituambia tusimame kama mlima. Tulikaza magoti, tukashusha mabega, tukafumba macho. Mimi nimekulia Kiwira, chini ya Mlima Rungwe. Nilikuwa nimelipa nauli ya bajaji na ada ya darasa ili niambiwe niwe mlima.

Sisemi haya kwa kejeli. Yoga ilinisaidia. Mgongo ulioniuma kwa kukaa kwenye kompyuta ulitulia, na usingizi ukarudi. Mwalimu alipozungumzia nishati inayopanda kutoka nyonga hadi utosini, sikuiona nishati hiyo, ila nilihisi joto na wepesi, na nilitoka pale nikiwa na subira zaidi kwenye foleni ya magari. Nilikuwa tayari kuitetea yoga mbele ya yeyote.

Kisha baba akafariki.

Nilipanda basi la Mbeya, nikashuka Uyole, nikapanda Kosta ya Kyela, nikafika Kiwira mvua ikinyesha. Mimi ni kifungua mimba, tena ndiye msomi wa familia, kwa hiyo nikapewa kazi ya msomi: kuandaa ratiba na kushika maikrofoni. Niliichapa kwenye simu. Saa 4:00 mwili kuwasili. Saa 4:30 wasifu wa marehemu. Saa 5:00 salamu za rambirambi. Saa 6:00 ibada. Saa 7:00 maziko. Sikuacha hata dakika moja ya bure.

Nilipoanza kusoma wasifu, shangazi, dada yake baba, aliinuka pale walipoketi kina mama. Akafunga khanga kiunoni. Wazee wenzake watano au sita wakainuka naye. Wakaanza kukanyaga ardhi, polepole, mguu mmoja kwa wote, wakizunguka uwanja huku wakimwita baba kwa jina. Sauti zao ziliingia kwenye maikrofoni zikameza sauti yangu. Nikasema, kwa ile sauti ya adabu tunayojifunza kwenye semina: "Mama zetu, tunaomba mketi ili twende na ratiba."

Wakaketi.

Hakuna mchungaji aliyenituma niseme vile. Hakuna mzee aliyekunja uso. Ni mimi, mwenye mkeka wa yoga nyumbani, niliyewakalisha chini wanawake waliokuwa wakifanya kwa miili yao kile ambacho mimi hulipia. Tena naamini siko peke yangu. Kizazi chetu kimejifunza kusema "afya ya akili", "kuusikiliza mwili", "kuachilia maumivu", lakini bibi akiinuka msibani na kuusikiliza mwili wake, tunamwona mshamba anayechelewesha gari la abiria wa Mbeya.

Kile walichokuwa wakifanya kina mama wale kina historia. Kwa Kinyakyusa kucheza ni ukukina, na zamani ilikuwa sehemu kubwa ya maziko. Miaka ya 1930, Godfrey Wilson na mkewe Monica, watafiti wa mila, waliishi katika wilaya hii wakaandika walichokiona. Godfrey alichapisha makala kuhusu maziko ya Wanyakyusa mwaka 1939. Monica akafuata na kitabu kizima mwaka 1957. Wanaume walicheza na mikuki yao, wanawake wakilia na kucheza nao. Walipoulizwa sababu, wazee walieleza kwamba mtu aliyefiwa ana vita moyoni, na vita hiyo lazima ipate pa kutokea. Lakini wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian na wale wa Berlin, walikuwa wamefika tangu 1891, na Wakristo waliokuwa wakiongezeka walishika njia nyingine: kuimba nyimbo za dini badala ya kucheza.

Siwalaumu wazee hao wa kwanza kuamini. Nyimbo walizotuachia ni nzuri, na mwenye kuimba sauti nne kwa saa nzima anapumua kuliko mimi kwenye mkeka. Ninachokilaumu ni hatua tuliyoongeza sisi wenyewe: siku hizi hata kuimba tumewaachia spika na kwaya iliyorekodiwa. Tumewakalisha watu kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, mikono mapajani, wasikilize. Tunawataka wahuzunike kuanzia shingoni kwenda juu.

Usiku ule, wageni walipopungua, shangazi alinikuta jikoni nikihesabu sufuria za kurudisha kwa majirani.

"Mwanangu, umeshalia?"

"Bado, shangazi."

"Basi leo umemzika nani?"

Sikuwa na jibu. Alinivuta mkono hadi nyuma ya jiko, kwenye migomba, akanifunga khanga kiunoni kwa fundo gumu. Wale wenzake walikuwa tayari pale. Hapakuwa na ngoma wala mwalimu. Tulikanyaga tu. Udongo wa kwetu ni mweusi, wa volkano, na ukilowa unaushika mguu. Kila hatua unaing'oa. Baada ya dakika chache mapaja yaliwaka moto. Pumzi ilikatika, kisha ikarefuka yenyewe, kwa sababu tulikuwa tukiita pamoja na mwito ulikuwa mrefu. Magoti yakaanza kutetemeka. Mtetemo ukapanda tumboni, na kilio kikatoka huko, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Hakuna aliyenishika kuniambia ninyamaze. Waliendelea kukanyaga, nami katikati yao, hadi kikaisha. Nililala usiku huo, mara ya kwanza baada ya siku tano.

Sasa wapo watakaosema: hiyo ndiyo nishati ya mababu. Nao nina ugomvi nao. Sikuona nishati yoyote ikitoka ardhini, na nisingependa mtu afungue darasa la kuiuza, shilingi kadhaa kwa kichwa, kwa watalii wanaokwenda kuona Daraja la Mungu. Mambo ya mwili yanaeleweka bila ushuhuda huo. Ukitoa pumzi ndefu, mapigo ya moyo hupungua kasi. Na mtu anayeimba au kuita hutoa pumzi ndefu bila kufundishwa. Mwaka 2015, Bronwyn Tarr na wenzake wa Oxford walichapisha utafiti waliofanya kwa wanafunzi wa sekondari nchini Brazili. Waliwachezesha kwa makundi, kisha wakapima uvumilivu wao wa maumivu kwa kuwabana mkono kwa kile kipimo cha presha. Waliocheza kwa nguvu walivumilia zaidi. Waliocheza kwa mwendo mmoja na wenzao nao walivumilia zaidi. Kila moja lilichangia kivyake: jasho, na kuwa pamoja.

Shangazi hajasoma utafiti huo, lakini pale migombani alinipa vyote viwili. Kwenye mkeka wangu nilipata jasho. Watu kumi na watatu tulikuwa pamoja, ila kila mmoja alikuja na lake na kuondoka nalo, na hata majina hatukujuana.

Wengine watasema ni ushetani. Hao nawaomba wafungue 2 Samweli 6, wamwone Daudi akicheza kwa nguvu zake zote mbele ya sanduku la agano, na Mikali mkewe dirishani akimdharau. Wasomi wengi tumekaa dirishani na Mikali. Na kama ni dini, basi waende Unguja wakatazame Maulidi ya Homu: safu za wanaume waliopiga magoti bega kwa bega, wakiyumba pamoja kama wimbi huku wakimsifu Mtume. Watu wa imani wamejua siku nyingi kwamba mwili nao unasali.

Wapo pia wenye hoja nzito zaidi, nami nawasikiliza. Shangazi mwenyewe aliniambia kwamba zamani asiyelia vya kutosha alitazamwa kwa jicho la uchawi. Wilson naye aliandika kwamba ngoma za mikuki ziliweza kugeuka ugomvi wa kweli. Siombi hayo yarudi. Siombi mtu yeyote alazimishwe kucheza, wala msiba uchukue wiki na kumaliza ng'ombe wa familia. Naomba nusu saa. Ratiba yenye nafasi ya salamu kutoka kwa kila kikundi na kila ofisi haiwezi kushindwa kupata nusu saa.

Tena nusu hiyo isiwe ya kina mama peke yao. Siku tuliyomzika baba, kaka zangu walisimama kwenye uzio, mikono mifukoni, wakitazama simu zisizo na ujumbe mpya. Babu zao walipewa uwanja wa kukanyagia hasira ya kifo. Wao tumewaachia kilabu cha pombe.

Miezi kadhaa baadaye tulirudi Kiwira kujengea kaburi. Niliandaa ratiba tena. Baba mdogo aliishika karatasi, akaisogeza mbali kidogo na macho.

"Hapa umeandika saa 5:00 hadi 5:30, kina mama. Wanatoa zawadi?"

"Hapana, baba. Watacheza."

Alinyamaza. Nilijiandaa kubishana, hoja zote hizi nilizoziandika hapa nilikuwa nazo mdomoni. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Na sisi wanaume umetuweka saa ngapi?"