Wanafunzi wauguzi, kwanza tazameni mwaka wa silabusi

Hapa Butembo na Beni, mitihani ya mwisho ya ITM na ISTM ikikaribia, mashine za fotokopi hazipumziki. Wanafunzi wanatafuta notisi za uzazi na za magonjwa ya watoto. Wengine wamekimbia vita na madaftari yao yamebaki kijijini. Wananunua kile wanachopata, na mara nyingi ni fotokopi ya fotokopi, bila jalada, bila mwaka.

Maoni yangu ni haya: kabla ya kuuliza bei, uliza mwaka. Udaktari unabadilika, na notisi ya zamani inaweza kukupatia pointi kwenye karatasi lakini ikamwumiza mtoto kitandani.

Nitatoa mifano mitatu. Notisi za zamani zinasema mama mjamzito aonwe mara 4. Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mara 8. Zinasema kinini ya serumu ndiyo dawa ya kwanza ya malaria kali ya mtoto. Tangu 2011, OMS inashauri sindano ya artesunate. Zinasema utapiamlo mkali ni mkono wa mtoto ulio chini ya sentimita 11. Tangu 2009 kipimo ni sentimita 11.5. Mtoto wa familia iliyokimbia vita akipimwa 11.2, muuguzi wa notisi ya zamani atamhesabu kuwa na utapiamlo wa kadiri, wakati anahitaji matunzo ya utapiamlo mkali leo leo.

Hata sisi wenyewe tuliona mambo yakibadilika mbele ya macho yetu. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, akina mama wajawazito hawakuwa wanapewa chanjo. Mwaka 2019 sharti hilo likabadilishwa. Ugonjwa ulipoisha Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Silabusi iliyoandikwa kabla ya hapo haiwezi kukufundisha hayo.

Wenye simu nzuri wanapakua maswali ya mtihani wa wauguzi wa Marekani, ule unaoitwa NCLEX. Siwakatazi, maana yanazoeza kufikiri. Lakini ni ya Kiingereza, joto la mwili mara nyingi huandikwa kwa Fahrenheit, na malaria utaitafuta sana. Mtihani wetu ni wa Kifaransa, na mgonjwa wetu ni wa hapa. Vilevile maswali ya miaka iliyopita: yanakuonyesha namna ya kuuliza, hayakufundishi kazi.

Basi uchague nini? Anza na silabusi ya mwalimu wako. Kisha ilinganishe na miongozo ya Wizara ya Afya: PCIME kwa magonjwa ya watoto, PRONANUT kwa lishe, na mwongozo wa uzazi unaotumika kwenye maternite unapofanya staji. Zikipingana, usinyamaze. Mwulize mwalimu mbele ya darasa, kwa heshima, ili wenzako nao wasikie.

Lakini mzigo huu si wa mwanafunzi peke yake. Ninyi viongozi wa shule na ofisi za zone za afya, wekeni nakala moja ya kila mwongozo mpya mahali ambapo kila mwanafunzi anaweza kuisoma, hata yule anayelala kwa jamaa au katika kambi. Kitabu kinachofungiwa kabatini hakiokoi mtu.

Na ninyi wazazi mliokimbia vita, mnaobana pesa ya chakula ili binti asome, mkipewa silabusi ya kulipia, ombeni kuona mwaka. Kesho binti huyo ndiye atakayempokea mjukuu wenu.

Tunawatakia wote mtihani mwema.