Jirani Yetu Fundichuma

Katika bonde dogo lililo chini ya kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, pana mkuyu ulioyainamia maji, na katika panda yake pana kiota cha fundichuma, yule ndege wa rangi ya kahawia mwenye kishungi kisogoni, ambaye baadhi ya watu humwogopa wakiitakidi kwamba amvunjiaye nyumba hasalimiki na radi. Mimi hofu hiyo sina. Kinachonishughulisha ni kazi yake.

Asubuhi moja alitua na uzi wa turubai la buluu, urefu wake kama shibiri, akauchomeka baina ya vijiti, akauchomoa, akaugeuza, akauchomeka tena, ilhali mwenziwe akikandika mlango kwa tope. Vijiti hivyo hufikia maelfu, na paa likishatimia huweza kumstahimili mtu mzima akisimama juu yake. Wala hawatosheki na nyumba moja: katika mwaka hujenga kadhaa, na aghalabu bundi huja akajitwalia mojawapo, nao baada ya makelele kidogo hurudi kuokota vijiti.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa siasa, kwa makadirio ya watu wapatao 10,000. Leo tumepindukia 50,000. Mwaka 2023, wenzetu waliokuwa wakichuuza Lilongwe walipoamriwa na serikali kurudi kambini, mama mmoja miongoni mwao, jirani yangu, alianza kukanda udongo siku ya tatu, akaulainisha ukuta mara mbili, hata mpita njia akamuuliza, “Mama, nyumba ya nchi ya watu, wailainisha hivyo ya nini?” Akajibu bila kugeuka, “Wewe wajua atalala mtoto wa nani humu kesho?”

Nami nasema wanaotunasihi tujenge ovyo, kwa hoja kwamba sisi ni wapita njia, wamekosea. Miaka zaidi ya 30 si njia. Walakini asije mtu akamfanya ndege huyu kuwa hoja ya kutuhubiria subira, maana fundichuma huchagua mti wake mwenyewe, na akiruka nje ya kambi kuelekea Madisi hakuna amwulizaye kibali.

Juzi nilikuta bundi mkuyuni. Wenyewe wamehamia mti wa pili, hatua 30 hivi kutoka pale, na tayari vijiti vya kwanza vimekaa pandani, pamoja na kitambaa chekundu ambacho sijui wamekiokota uani kwa nani.