MAJI YA MWACHE NA NJIA YA KUVUKA

Mto Mwache watoka bara ya Kwale, washuka mpaka hori iendayo Port Reitz, magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Maji yake ya mvua hufaa watu mpaka yafikapo mahali pa kukutana na bahari. Hapo huingia chumvi, yakapotea. Kwa hiyo Serikali ya Kenya ilikusudia mambo mawili katika sehemu hizo: kuzuia maji kwa bwawa huko juu mtoni, na kupitisha barabara juu ya hori, ili msafiri wa pwani ya kusini asitegemee feri ya Likoni peke yake.

Makusudi yote mawili twayasifu. Mombasa imezungukwa na maji ya chumvi, na maji yake ya kunywa hutoka mbali. Bomba la Mzima, lililokwisha jengwa mwaka 1957, lilikadiriwa kwa mji mdogo kuliko huu wa leo. Na habari ya kuvuka, ni nani asiyekumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama, wakafa watu zaidi ya 250?

Lakini na tutazame hesabu ya miaka. Mkopo wa kwanza wa barabara ulitiwa saini na Wajapani mwaka 2012. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, na daraja la Mwache pamoja na lile la Mteza, lenye urefu wa mita 1,440, yakapitika mwaka 2024. Ndiyo miaka 12. Kwa upande wa maji, Benki ya Dunia ilikubali mwaka 2014 kutoa mkopo wa dola milioni 200. Hata mwaka 2024 ulipokwisha, bwawa lilikuwa bado halijakamilika. Watu walipita juu ya hori katika motokaa zao, na maji yangali yakipita chini yao kwenda kupotea baharini.

Wakubwa hupenda kutujibu kwamba haraka haraka haina baraka. Nasi twakubali kuwa bwawa si kibanda: sharti mwamba upimwe, mchanga uzuiliwe usije ukalijaza, na wenye mashamba wahamishwe kwa haki. Walakini wazee walisema vilevile kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia si la mkubwa aliye ofisini, bali la mama anunuaye maji kwa mtungi.

Wako wasemao kwamba walioichelewesha kazi ni watu wa Kwale, kwa kudai fidia. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mtu aambiwaye aache shamba lake na makaburi ya wazee wake ana haki ya kuuliza atapewa nini, na lini. Kama angalilipwa mapema asingalikuwa na neno. Deni likicheleweshwa, kazi husimama. Kazi ikisimama, gharama hupanda. Gharama ikipanda, karatasi hurudi kuombewa idhini upya.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, fidia ilipwe kabla trekta halijafika shambani. Pili, kila kazi kubwa ya namna hii itangaziwe tarehe zake, na tarehe ikipita watu waambiwe sababu. Tatu, ajulikane ofisa mmoja wa kuulizwa, raia asizungushwe toka mlango hata mlango.

Na kwenu, ndugu wanachama, tuna neno. Serikali ni maandishi, na maandishi hupita mikononi mwetu. Hatuna amri ya kukata shauri, lakini tuna amri ya kutoacha faili lilale. Hati ya fidia ikikaa mezani mwezi mzima, mwenye shamba hajui jina la aliyeikalia; ajua tu kwamba Serikali imemsahau. Kila mmoja wetu na aitazame meza yake leo.