Tujue lipi la jua, lipi la mkongo

MFANYABIASHARA wa dagaa wa Butimba, jijini Mwanza, siku hizi anategemea simu karibu kwa kila kitu: kuulizia bei, kuagiza mzigo na kupokea fedha. Mtandao ukiyumba, biashara inasimama na uvumi unaanza.

Mei 2024 ilitupa funzo. Usiku wa Ijumaa, tarehe 10, dunia ilikumbwa na dhoruba ya jua kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003. Jumapili, tarehe 12, intaneti ikazorota nchini. Ilikuwa rahisi kulitupia jua lawama. Lakini Serikali ilieleza kuwa chanzo ni hitilafu ya mkongo wa baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Jua linaweza kufanya nini basi? Mlipuko ukitokea huko, mionzi yake hutufikia kwa dakika nane hivi. Huvuruga tabaka la juu la anga linalorudisha chini mawimbi ya redio ya masafa mafupi, na mawasiliano hayo hukatika upande wenye mchana. Athari huwa kubwa zaidi pale jua lilipo utosini, kama kwetu karibu na ikweta.

Wakati mwingine hufuata wingu la chembe, ambalo kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu kufika na kutikisa sumaku ya dunia. Machi 1989 wingu kama hilo lilizima umeme katika jimbo la Quebec, Kanada, kwa saa tisa hivi. Mei 2024 baadhi ya wakulima wa Marekani walisimamisha upandaji kwa sababu matrekta yanayoongozwa na GPS yalipoteza mwelekeo.

Kwa hiyo mwenye boti anayerudi ufukweni kwa GPS asiache kubeba dira. Lakini simu ya mkononi haizimwi na mlipuko wa jua, paneli ya sola haiungui na mazao hayababuki. Anayekutumia ujumbe kwamba uzime simu usiku kukwepa mionzi hiyo anakupotosha: usiku dunia yenyewe imekukinga.

Tunaziomba Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ziwaeleze wananchi mapema, kwa Kiswahili chepesi, kila dhoruba kubwa ya jua inapotarajiwa. Kilele cha jua kilitangazwa mwaka 2024, lakini dhoruba za mwaka 2003 nazo zilikuja baada ya kilele.

Kwa mfanyabiashara, iwe ni jua au mkongo, hasara ni ileile. Andika namba za wateja na madeni kwenye daftari, na weka akiba ya fedha taslimu ya kuendeshea siku mbili. Dagaa wabichi hawasubiri mtandao urudi.